Kopo Linalosema Kweli: Kubuni Kifungashio cha Kipodozi Kitakachoaminiwa

Ndugu wabunifu, wachapaji, na ninyi mnaokoroga krimu na losheni kisha kuzitia kwenye makopo kwa mikono yenu wenyewe, karibuni.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa embe unaloweza kulibonyeza au kitambaa unachoweza kukishika, ni kweli tupu. Kipodozi hakina bahati hiyo. Krimu nzuri na krimu iliyoharibika, zikiwa zimefungwa, ni kopo na kopo. Mteja anachagua kitu atakachojipaka usoni, karibu na macho, pengine atakachompaka mtoto wake, na wakati wa kuamua alichonacho mkononi ni plastiki, karatasi na wino. Kwa hiyo leo nitakizungumzia kifungashio kama shahidi. Shahidi haaminiwi kwa kuvaa vizuri. Anaaminiwa pale maneno yake yanapoweza kuhakikiwa. Swali langu kwa kila kitu tutakachokigusa ni hili: mteja anaweza kukihakiki mwenyewe, kwa macho na vidole vyake, bila kumuuliza mtu?

Nianze na makopo haya mawili. Kwa nje yamelingana, kipenyo milimita 70 yote mawili, urefu uleule. Hili la kwanza lina ukuta mmoja na linabeba mililita 100. Hili la pili lina kuta mbili. Ukilitazama kwa ndani utaona bakuli, na chini ya bakuli kuna hewa tupu. Linabeba mililita 50. Wauzaji wa makopo watawaambia kuta mbili zinalipa kopo uzito na mng'ao, na hawasemi uongo. Lakini mteja aliyenunua kwa kukadiria kwa jicho atafika siku kidole chake kigonge bakuli wakati kwa nje kopo bado linaonekana refu. Siku hiyo hatasema "kumbe nilisoma vibaya." Atasema ameibiwa, na hata kama mililita 50 ziliandikwa kwa usahihi chini ya kopo, hilo halitamtoa katika hukumu yake.

Ukilazimika kutumia kuta mbili, kiasi kiandikwe mbele, kwenye uso uleule wenye jina la bidhaa, kwa herufi zinazoonekana kwa umbali wa mkono. Boksi nalo lisiongeze uongo juu ya uongo. Acha nafasi ya milimita 1 hadi 2 kila upande, si zaidi. Boksi lenye nafasi kubwa linalifanya kopo licheze, na mtu akilitikisa anasikia kugonga. Sauti hiyo inasema mambo mawili kwa pamoja: ndani kuna kidogo, na aliyefunga hakujali.

Kiasi chenyewe kina mtego ambao wajazaji wadogo huangukia mara nyingi. Lebo inasema mililita, mizani inasema gramu. Krimu yenye uzito wa gramu 0.95 kwa kila mililita, ukitaka mililita 50, lazima ujaze gramu 47.5. Ukijaza gramu 45 kwa sababu bechi iliyopita, yaani mkorogo uliotangulia, ilikuwa nyepesi, mteja anapata mililita 47.4. Pima uzito wa mililita moja kwa kila bechi, usitegemee daftari la mwezi uliopita. Siagi za kupaka zilizopigwa hadi zikavimba ni mbaya zaidi. Hewa hutoka njiani, hasa gari likipita juani, na kopo lililojaa hadi ukingoni hufika likiwa limezama robo. Bidhaa ya namna hiyo iuzwe kwa gramu. Gramu hazizami.

Sasa kufungua. Mwaka 1982, katika eneo la Chicago nchini Marekani, watu 7 walikufa baada ya kumeza vidonge vya kutuliza maumivu vilivyokuwa vimetiwa sumu ya sianidi vikiwa tayari kwenye chupa. Baada ya hapo ndipo kifungashio kinachoonyesha kwamba kimeguswa kikawa jambo la lazima huko kwenye dawa zinazouzwa bila cheti. Vipodozi vingi havilazimishwi hivyo, lakini mteja amekwisha kuzoea. Akifungua krimu ya uso akakuta hakuna kizuizi chochote, na juu yake kuna alama inayofanana na ya kidole, hairudii tena.

Njia ya kawaida ni foili inayoyeyushwa mdomoni mwa chupa kwa mashine ya sumakuumeme. Ina masharti. Upande wa chini wa foili lazima ulingane na plastiki ya chupa: ya polietilini kwa chupa ya polietilini, ya PET, ile plastiki angavu ya chupa za maji, kwa chupa ya PET. Mdomo uwe mkavu na safi. Tone moja la mafuta likibaki ukingoni wakati wa kujaza, foili itashika upande mmoja na kuachia mwingine, na hutaliona hilo mpaka mzigo ulalie ubavu. Kifuniko nacho kikazwe sawasawa kabla ya kupitisha chupa kwenye mashine, kwa sababu mgandamizo wa kifuniko ndio unaoilaza foili. Jaribio la haraka ni kuilaza chupa ubavu juu ya karatasi nyeupe usiku kucha. Karatasi itasema.

Asiye na mashine atumie utepe wa plastiki unaosinyaa kwa joto, unaobana kifuniko na shingo pamoja. Hakikisha una mistari ya vitobo na kijimkia cha kuvutia. Utepe usio na vitobo mteja huufungua kwa kisu, akakwaruza kopo, pengine akajikata, na anayelaumiwa ni wewe.

Lakini kuna jambo ambalo karibu kila mtu hulisahau: kizuizi ambacho mteja hajui kwamba kilitakiwa kuwepo hakimlindi. Chupa ikifika bila foili, atajuaje kwamba foili imeondolewa? Andika kwenye lebo ya nje: "Usitumie kama foili chini ya kifuniko haipo au imetoboka." Maneno tisa, yanalipa kuliko stika yoyote inayong'aa.

Na hizo stika zinazong'aa, hologramu, mniwie radhi, naziona zimesifiwa kupita kiasi. Mteja hajawahi kuonyeshwa ya kweli inafananaje, kwa hiyo chochote kinachometameta kinamtosha, na anayeghushi analijua hilo. Msimbo wa kuskani kwa simu ulio mmoja kwenye chupa zote una udhaifu uleule, maana anayenakili lebo ananakili na msimbo. Msimbo unaofaa ni ule ulio tofauti kwa kila chupa, umefunikwa kwa rangi ya kukwangua, na mfumo unasema kama uliwahi kuulizwa kabla. Kama huna uwezo huo, namba ya bechi inayolingana kwenye boksi na kwenye kopo, pamoja na namba ya simu inayopokelewa na mtu anayeweza kusema bechi hiyo ilitengenezwa lini, ni ulinzi wa heshima kabisa.

Tuje kwenye chombo chenyewe, maana hapa ndipo bidhaa nzuri huuawa na chupa. Vitamini C na retinoli huharibiwa na mwanga na hewa. Ukiziweka kwenye chupa ya kioo angavu yenye dropa, yaani kidude cha kudondoshea, kila mteja anapofungua anaingiza hewa, na seramu iliyokuwa karibu haina rangi hugeuka manjano kisha kahawia. Mteja hajasomea kemia, ila anajua kitu kilichobadilika rangi kimeharibika, na yuko sahihi. Tumia chupa ya rangi ya kaharabu, alumini iliyopakwa ndani, au pampu isiyoingiza hewa. Mafuta ya kunukia yaliyokolea hushambulia polistireni, yaani plastiki ngumu yenye namba 6 ndani ya pembetatu kitakoni, hadi ikapasuka. LDPE, yaani polietilini laini, namba 4, inaweza kupata nyufa ikikaa na sabuni za maji au mafuta hayo huku imebanwa. PET, namba 1, ni angavu na nzuri machoni, lakini huanza kulainika karibu na nyuzi joto 70, kwa hiyo mafuta mgando yanayomiminwa yakiwa moto wa nyuzi 75 yatalipindisha kopo. Polipropilini, namba 5, huvumilia joto hilo.

Usikubali kuambiwa "chupa hii kila mtu anaitumia." Ijaribu na bidhaa yako. Weka chupa zilizojazwa na kufungwa kama zitakavyouzwa mahali pa nyuzi 40 kwa wiki 12, nyingine kwenye jokofu la nyuzi 4, nyingine kwenye joto la kawaida la chumba. Baadhi zisimame, baadhi zilale, baadhi zigeuzwe kichwa chini. Zipime uzito siku ya kwanza, kisha wiki ya 2, ya 4, ya 8 na ya 12. Uzito ukishuka, maji au manukato yanapita kwenye plastiki au kwenye kifuniko. Mbavu za chupa zikibonyea ndani bila kuguswa, ama kuna kinachotoka, ama bidhaa inakula hewa iliyobaki juu. Kujaribu kwa maji ya bomba badala ya bidhaa ni kujidanganya, kwani maji hayapandi kwenye nyuzi za kifuniko kama mafuta yanavyopanda.

Pampu ina lawama zake peke yake. Kwanza saizi. Mkiona 24/410, hiyo 24 ni kipenyo cha nje cha nyuzi za shingo kwa milimita, na 410 ni aina ya nyuzi. Kuna 24/415 inayofanana nayo kwa jicho la haraka, ila shingo yake ni ndefu zaidi. Kifuniko cha 415 ukikitia kwenye shingo ya 410 kitagota mabegani mwa chupa kabla gasketi haijagusa mdomo. Utakikaza mpaka mkono uume na bado kitavuja. Agizeni chupa na pampu kutoka sehemu moja, au ziwekeni pamoja mkononi kabla ya kulipa.

Pili, mrija. Ukatwe kwa mshazari na ufike kwenye pembe ya chini, si katikati, kwa sababu kitako cha chupa nyingi kimeinuka katikati. Mrija uliokatwa bapa na kugandamana na kitako huziba, na uliokatwa mfupi huacha losheni ambayo mteja anaiona lakini haipati. Tatu, uzito wa bidhaa. Krimu nzito haishuki kujaza nafasi iliyonyonywa. Panabaki shimo kuzunguka mrija, pampu inatoa hewa huku nusu ya krimu imeganda ukutani. Krimu hiyo inataka tyubu, kopo, au chupa yenye pistoni inayopanda kutoka chini. Na pistoni nayo ina siri: mabonyezo ya kwanza hayatoi kitu mpaka hewa iliyo kwenye pampu iishe. Andikeni, "Mara ya kwanza, bonyeza mara kadhaa mpaka krimu itoke," na taja idadi mliyoihesabu wenyewe kwenye sampuli kumi. Bila sentensi hiyo mtarudishiwa chupa nzima zisizo na kasoro yoyote.

Lebo. Nitatumia muda hapa kwa sababu shahidi wetu huzungumzia kwenye lebo. Karatasi ya kawaida bafuni huvimba na kuchubuka kona. Tumia filamu ya polipropilini kwa chupa ngumu, na ya polietilini kwa chupa au tyubu zinazobanwa, maana polipropilini ikibanwa na kuachiwa hubaki na mikunjo. Kipimo cha mzunguko ni kipenyo mara 3.14. Chupa ya milimita 50 ina mzingo wa milimita 157, basi lebo ya milimita 154 itaacha mwanya mdogo ulionyooka nyuma. Ukitaka ncha moja ipande juu ya nyingine, mwambie mchapaji aache ukanda wa mwisho bila vanishi, la sivyo gundi haitashika na kona itainuka ndani ya wiki. Chupa inayopungua upana kuelekea juu inahitaji lebo iliyokatwa kwa upinde. Ukiibandika iliyonyooka itakwenda upande, na hakuna mkono wa mbandikaji utakaoiponya. Chupa iliyojazwa moto iachwe ipoe kwanza.

Kabla ya kuchapa lebo elfu kadhaa, ichukue moja, ibandike, subiri saa 24, kisha isugue mara 20 kwa kitambaa kilicholowa bidhaa yenyewe. Mafuta huyeyusha wino fulani, na manukato yenye alkoholi huyeyusha zaidi. Wino ukitoka kwenye vidole vyako utatoka kwenye vidole vya mteja, na kitakachotangulia kufutika mara nyingi ni tarehe.

Maandishi yasishuke chini ya pointi 6, na kama ni meupe juu ya rangi nzito, yapandishe. Herufi ndogo nyeusi zichapwe kwa wino mweusi mmoja tu. Zikichapwa kwa mchanganyiko wa wino nne, sahani moja ikihama kwa unywele, kila herufi inakuwa na kivuli. Dhahabu juu ya nyeupe ni pambo la jina, msiandikie viambato.

Kuhusu viambato vyenyewe, kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1223 ya mwaka 2009 ni kipimo kizuri hata kwa asiyeuza huko. Viambato huandikwa kwa majina ya mfumo wa kimataifa wa INCI, vikianza na kilicho kingi kwa uzito, na vilivyo chini ya asilimia 1 vinaweza kupangwa kwa mfuatano wowote baada ya vile vilivyozidi. Wateja makini wamejifunza kuutumia mstari huo wa asilimia 1. Fenoksiethanoli, kihifadhi kinachotumika sana, hairuhusiwi huko kuzidi asilimia 1. Kwa hiyo chochote kilichoandikwa baada yake, ukiacha rangi, hakizidi asilimia 1. Sasa tazameni lebo yenye sega la asali limejaa uso wote wa mbele, na nyuma asali, ambayo kwa INCI ni Mel, imekuja baada ya fenoksiethanoli. Kifungashio hicho kinajipinga chenyewe mbele ya hakimu. Ama ongeza asali, ama punguza sega.

Tarehe. Kanuni hiyohiyo inasema bidhaa inayodumu miezi 30 au pungufu ionyeshe tarehe ya mwisho ya kuitumia. Inayodumu zaidi huonyesha muda baada ya kufunguliwa, kwa alama ya kopo lililofunguliwa lenye mfano wa 12M, yaani miezi 12. Kasoro tunazoziona ni zilezile: tarehe mbili zimekaa bila maneno, hujui ipi ya kutengenezwa na ipi ya kuisha, au 03/04/26, ambayo mmoja anaisoma Aprili na mwingine Machi. Andika mwezi kwa herufi na mwaka kwa tarakimu nne. Na tarehe iliyo kwenye boksi peke yake huenda na boksi kwenye pipa la taka siku ya kwanza. Irudie kitakoni mwa kopo.

Msimbo pau nitaupita haraka. Ukubwa wa kawaida wa EAN-13, yaani msimbo wa tarakimu 13 wa madukani, ni milimita 37.29 kwa 25.93, na usiupunguze chini ya asilimia 80. Mistari isiwe myekundu, kwa sababu skana ya taa nyekundu haiioni. Kwenye chupa nyembamba, zungusha msimbo ili mistari ilale kama vipago vya ngazi. Na tarakimu za mwanzo hazionyeshi bidhaa imetengenezwa wapi, zinaonyesha tu kampuni ilisajili namba zake kupitia shirika gani la GS1, mtandao wa kimataifa unaotoa namba hizo. Kwa kuwa wateja wengi wanaamini vinginevyo, andikeni nchi ya kutengenezwa kwa maneno.

Madai ya mbele ndipo watu wema huharibu kazi yao. "Haina kemikali" ni uongo, maji ni kemikali. "Salama asilimia 100" hakuna awezaye kuithibitisha, maana hata mafuta ya nazi yana mtu wanayemuwasha. "Haina zebaki" inatia shaka kuliko inavyoondoa. Zebaki kwenye krimu za kung'arisha ngozi imepigwa marufuku na Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, kwa hiyo kujisifu kwamba huna ni sawa na mwenye duka kubandika mlangoni, "Hatuuzi vya wizi." Badala yake sema kinachopimika: "Imejaribiwa na watu 30 kwa wiki 4," kama kweli walijaribu na karatasi zao unazo.

Mwisho, ununuzi wa pili, ambao wabunifu huusahau kwa sababu hauonekani kwenye skrini zao. Mteja amerudi, ameshika kopo jipya, nyumbani lipo tupu la zamani. Kijani kikiwa kimefifia kidogo, au kifuniko kikiwa kimebadilika, wazo la kwanza ni kwamba ameuziwa bandia. Mpe mchapaji namba ya Pantone, mfumo wa kuzitaja rangi kwa namba, si jina la rangi, na weka sampuli iliyotiwa saini bahashani, mahali pa giza, ili kila mzigo ulinganishwe nayo chini ya taa moja. Ukibadilisha muonekano kwa makusudi, chapa kwenye kifungashio chenyewe, pamoja na picha ndogo ya kile cha zamani, kwamba bidhaa ni ileile. Ikiwa mchanganyiko umebadilika pia, maneno hayo huna haki nayo. Andika kwamba mchanganyiko ni mpya na useme kilichobadilika, kwa sababu mwenye mzio alikuwa ameshaizoea orodha ya zamani.

Makopo haya mawili nayazungusha sasa, pamoja na rula na mizani ndogo. Kabla hatujaanza maswali, kila meza ikadirie kwa jicho lipi lina krimu zaidi, iandike, halafu ndipo ifungue vifuniko.